Karatasi Niliyobandika Uso Nje

Wiki iliyopita mjukuu wangu alipewa kazi ya shule ya kutengeneza ramani, akaingia jikoni kwangu, akakoroga unga wa ngano kwenye maji, akaupika mpaka ukawa mzito na wa kuvutika. Nilikuwa sebuleni nikichambua maharagwe. Harufu iliponifikia nilisimama ghafla, na sinia lote likamwagika chini ya viti. Mtoto akaja mbio kuuliza, "Shosho, kuna nini?" Nikamwambia azime jiko aende akanunue gundi ya dukani kama watoto wengine. Nilimsemesha vibaya, na hakuwa na kosa lolote.

Wenzangu wa rika langu, ninyi mliolala kwenye nyumba za mabanzi huko juu Molo, hamhitaji kuelezwa gundi ile ilikuwa ya nini. Baridi ya kule ilipita kati ya banzi na banzi ikaingia mpaka kwenye meno. Kwa hiyo kila familia ilibandika magazeti ukutani, tabaka juu ya tabaka, kwa unga uliopikwa. Panya walipenda unga huo kuliko sisi, nasi tuliupenda sana, maana nililamba kidole kila mama alipogeuka. Kubandika ilikuwa kazi yangu. Kila karatasi iliyochanika niliifunika na nyingine, na baada ya muda ukuta wetu ulikuwa mnene kama godoro la mwenye pesa.

Tulikaa kwenye shamba la maua ya pareto la mzungu tuliyemwita Bwana Koti, kwa sababu alivaa koti lake la jeshi hata jua likiwa utosini. Hakuna aliyemwita hivyo akimsikia. Nyumba zetu wafanyakazi zilikuwa zimekusanywa pamoja na kuzungushiwa seng'enge, na nje ya seng'enge kulikuwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa. Hizo zilikuwa siku za hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na sisi Wakikuyu tulihesabiwa kila asubuhi kabla ya kwenda shambani na kila jioni tukirudi. Nyapara alipita akigonga mlango kwa fimbo, anaita jina, unaitika. Nyumba ambazo watu wake walikuwa wamechukuliwa na askari kupelekwa kambini hazikugongwa. Zilikuwa saba, nazijua mpaka leo kwa mpangilio wake. Kwenda Molo mjini kununua chumvi kulihitaji barua ya Bwana Koti. Kwenda Nakuru kulihitaji barua na bahati.

Watoto hatukutoka kabisa. Mama alikwenda kuchuma pareto na jua la kwanza, baba alikwenda jikoni kwa bwana, na mimi nilibaki ndani ya uzio mchana kutwa na bibi mmoja kiziwi aliyeachiwa sisi wote. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimeshahesabu miiba yote ya seng'enge kutoka langoni mpaka chooni, nikaanza tena.

Sasa niwaambie siri ya nyumba yetu, ambayo niliijua kabla sijajua kufunga kamba ya kiatu, si kwamba nilikuwa na viatu. Baba yangu alikuwa mwalimu. Alifundisha upande wa Subukia, katika shule moja ndogo iliyojengwa na wazazi wenyewe, mpaka shule za namna hiyo zilipofungwa na serikali na walimu wake wakaanza kutafutwa mmoja mmoja. Mkikuyu aliyejua Kiingereza alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Baba akapanda milima akaja Molo, akasema ni mpishi, hajui kusoma. Waliomhoji walipompa karatasi ya kutia sahihi, akaweka dole gumba. Mkono uliokuwa umeandika ubaoni miaka kumi ukabonyezwa kwenye wino kama muhuri, na yeye akacheka kijinga ili waamini. Mama alinisimulia hilo la kucheka. Baba hakulitaja kamwe.

Na kupika kwenyewe hakujua. Alijifunza akiwa kazini, akaunguza keki ngapi sijui.

Gazeti la Kiingereza lilifika kutoka Nakuru na lori la maziwa. Saa kumi Bwana Koti aliketi verandani na chai yake, mbwa wawili miguuni, akalikunja ukurasa wa nyuma ambapo palichorwa fumbo la miraba, myeusi na myeupe, la kujazwa maneno. Alikuwa mjane, na jirani yake wa karibu alikuwa mbali kwa gari. Alijaza maneno mawili matatu, akatukana, akanyonya penseli, akatukana tena, kisha akalitupa. Gazeti lililotupwa lilikuwa la kuwashia jiko. Baba alilikunja vizuri, akaliweka ndani ya shati, na Jumapili mchana tulipokuwa peke yetu alilitandaza sakafuni na kukamilisha kwa kijiti cha makaa yale yaliyomshinda bwana. Penseli ndani ya nyumba ya mfanyakazi ingezua maswali. Makaa yapo kila nyumba.

Sijawahi kumwona mtu akifurahi namna ile. Alikuwa amejifunza michezo hiyo wakati wa vita, akiwa karani kwenye hospitali ya jeshi, kwa mgonjwa mmoja aliyevunjika miguu yote miwili na hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Baba alilala kifudifudi sakafuni, mtu mzima, akitikisa mguu kama mtoto.

"Kuja hapa, mama," aliniita. Aliniita mama kwa kuwa nilibeba jina la mama yake, na baba zetu ndivyo walivyotuita sisi wasichana wa kwanza. "Kila swali hapa limegawanyika mara mbili. Upande mmoja unakwambia neno ni gani. Upande wa pili unakuonyesha limefichwa wapi. Mwenye kuandika ameshona hizo mbili pamoja ili usione mshono. Kazi yako ni kujua pa kukata."

Kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, alinitungia ya Kiswahili. "Mnyama mkali amelala, si mbali. Herufi tano." Nikataja fisi, nikataja chui, nikataja mbwa wa Bwana Koti. Akanionyesha: mnyama mkali ndilo jibu, na maneno "si mbali" ndiyo kichaka chake. Yaunganishe, uache mkia nje, na simba huyu hapa amekuwa akikutazama muda wote. Nilipiga kelele mama akaja kunifumba mdomo.

Nyingine nilifumbua mwenyewe. "Kazi ya jembe ikipinduliwa inatoa utajiri." Nilikaa nayo siku mbili. Ni lima, ukiweka nusu ya nyuma mbele unapata mali. Mama alisikia jibu akiwa anamenya viazi, akasema, "Hiyo ni uongo. Sisi tunalima hapa kila siku na mali iko kwa Bwana Koti." Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza nyumba ikikatwa kichwa hufanya nini. Nikasema inaanguka. "Haianguki," akasema. "Toa herufi ya kwanza uone. Inayumba tu."

Mama hakupenda mchezo ule. "Baba Wanjiru, hayo maboksi yatatumaliza," alisema kila Jumapili. Alitaka karatasi zichomwe. Baba alisema karatasi ni blanketi ya ukuta, haichomwi. Wakakubaliana zibandikwe uso ukutani, ili atakayeingia aone upande wa matangazo ya matrekta na siagi tu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee niliyopewa nyumbani ambayo haikuwa na kiboko nyuma yake, kwa sababu waliniamini.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu kuhusu fumbo lile, na hayo hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimeona kwamba ni ramani ya kwetu. Tazameni: miraba imepangwa kwa mistari kama nyumba zetu, ukuta wa wino umezunguka pande zote, hakuna mlango. Miraba myeusi ni nyumba za waliochukuliwa, hazigongwi. Myeupe ni zile nyumba ambazo mtu anatakiwa kuitika. Niliamini kwamba wakubwa huko Nairobi walichora ramani hizi na kuwatumia wazungu wa mashamba, na kila mzungu alipaswa kuonyesha kwamba kila nyumba ina mtu wake. Bwana Koti hakuweza kuzijaza. Ndiyo maana tulikuwa bado tumefungiwa. Na baba, alipochukua makaa akasema taratibu, "Tukimaliza hii, mama, tumetoka," kama mtu yeyote anavyosema akikaribia mwisho wa kazi, mimi nilielewa kwamba ametaja sharti.

Kutoka kwenyewe kulikuwa jambo la kweli msimu huo. Mjomba wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya treni Nakuru. Alikuwa ametutafutia chumba, na shule imekubali kunipokea. Kilichobaki kilikuwa barua moja ya Bwana Koti kumwachilia baba kazini, na alikuwa ameahidi kuiandika pareto ikiisha kukauka. Mpishi mwingine alikuwa ameshapatikana. Mama alikuwa ameanza kufunga vitu kwenye gunia na kuvifungua tena kwa sababu tulivihitaji. Nilikuwa nimeambiwa nitavaa sare, na sikulala vizuri kwa wiki nzima.

Jumapili moja fumbo lilibaki na neno moja. Baba alilipigia magoti mpaka mwanga ukaanza kupungua. Alijua limefichwa ndani ya swali lenyewe, kama yule simba, lakini halikumtokea. Nikapitisha kidole changu juu ya herufi, polepole, kwa kuwa kusoma kwangu kulikuwa kwa kidole, na katikati ya maneno mawili nikakuta herufi tano ninazozijua kwa moyo. Zilikuwa zimechapwa kwenye gunia la unga nililolalia: FLOUR. Baba alinitazama, akanipa makaa. Niliandika mwenyewe, herufi moja ikaangalia nyuma, nyingine ikavuka ukuta wa chumba chake. Akanibeba juu akanizungusha mpaka kichwa changu kikagonga paa.

Fumbo lilikuwa limejaa. Nilingoja Jumatatu lango lifunguliwe. Nikangoja Jumanne. Ijumaa mchana nikafikia uamuzi ambao ulionekana wazi kabisa kwa mtu wa miaka tisa: hawajui kwamba tumemaliza. Nani angejua, wakati baba ameigeuza tayari kuipa ukuta uso? Nikapika gundi, nikachagua mahali panapotazamana na mlango, nikabandika karatasi ile uso nje. Nililainisha kila pembe kwa kiganja. Jioni wazazi wangu walirudi giza limeshaingia, wakala, wakalala.

Kesho yake, wote wakiwa kazini, Bwana Koti alikuja na nyapara kukagua nyumba. Alikagua siku yoyote aliyotaka, hakuna aliyejua mapema. Aliinama mlangoni kwetu, akaingia na koti lake, akasimama. Nyapara akapekua masufuria. Bwana Koti hakupekua kitu. Alisogea ukutani na kusoma, mdomo ukicheza, kidole chake kikifuata miraba kama changu. Moyo wangu ulijaa. Nilidhani anahesabu nyumba.

"Nani nafanya hii?" akauliza.

Nikasimama wima kama tunavyosimama kuhesabiwa. "Baba amefanya," nikasema. "Na mimi hii moja hapa. Yote imejaa, bwana. Sasa unaweza kufungua."

Nyapara aliacha sufuria. Namkumbuka akinitazama kwa huruma, mtu ambaye sikujua anayo. Bwana Koti akashika ncha ya karatasi iliyokuwa bado na unyevu, akaibandua taratibu isichanike, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakufungua chochote.

Saa kumi niliitwa verandani. Baba alikuwa amesimama na trei, kanzu nyeupe, kitambaa mkononi. Hakujua. Aliponiona nimeletwa na nyapara alijua. Bwana Koti alitandaza mezani karatasi yetu, yenye makaa, na kando yake gazeti la siku ile.

"Soma," akasema.

"Mimi sijui soma, bwana," baba akajibu kwa Kiswahili cha jikoni.

"Toto nasema wewe najua."

Baba hakunitazama. Bwana Koti akasoma swali kwa sauti, kwa Kiingereza, akangoja. Akalisoma tena. Nilimwona baba akipambana na uso wake, kwa maana jibu lilikuwa limeshamfikia. Mwalimu hawezi kusikia swali asilijibu. Akaweka trei chini, akasema neno moja.

Bwana Koti akauliza kwa nini. Na baba akaeleza. Alieleza kwa Kiingereza nisichokielewa, lakini mikono niliielewa: hapa pa kukata, hii ni maana, hii ni maficho, pindua hii nusu iende mbele. Bwana Koti akapiga goti lake akacheka. Akasoma lingine. Kwa dakika chache walikuwa wanaume wawili wameinamia karatasi moja, na uso wa baba ulikuwa ule wa Jumapili sakafuni. Nilimchukia Bwana Koti kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote alilotufanyia. Ule ulikuwa uso wetu.

Walipomaliza, Bwana Koti alikunja gazeti, akazungumza Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Mimi hapana peleka wewe kwa polisi. Hapana sema kitu. Lakini barua ya Nakuru, hapana. Wewe nakaa hapa. Kila siku, saa hii, nakuja na chai."

Ndivyo ilivyokuwa. Hatukupigwa, baba hakupelekwa kambini, na majirani wengine walisema tumepona. Lakini kila siku saa kumi baba alisimama kando ya kiti kile, trei mkononi, akijibu. Hakuwahi kuambiwa akae. Wageni walipokuja kutoka mashamba mengine aliitwa aonyeshwe, nao walimtupia maswali kama mtu anavyomtupia mbwa mpira. Pasi yake, hati ambayo bila hiyo hakuweza kuhama, ilikaa kwenye droo ya Bwana Koti, pamoja na ile karatasi yenye makaa. Nyumbani hakugusa fumbo tena. Jumapili alilala akitazama paa. Nilimwomba anitungie hata moja ya Kiswahili, akasema amechoka, mama, kesho. Mama alibandika ukuta mwenyewe toka siku hiyo.

Siku za hatari zilipokwisha, seng'enge iling'olewa. Wenzetu wakafunga mizigo yao wakaenda, lango likabaki nguzo mbili bila kazi, na sisi tukaendelea kukaa pale, kwa sababu lililotufunga halikuwa waya. Nilipoingia darasa la kwanza Nakuru, Bwana Koti akiwa ameuza shamba na kwenda kwao, nilikuwa na miaka kumi na tatu na magoti yangu hayakuingia chini ya dawati.

Maisha yangu yote nilibeba jambo hilo. Niliolewa nalo, nikazaa nalo. Hakuna siku baba alinilaumu, na kutolaumiwa kulinikaba zaidi, maana sikupata pa kuanzia kuomba msamaha. Nilidhani anaamini niliibandika vibaya kwa utoto, kwamba nilisahau tu. Sikumwambia kwamba nilikusudia.

Nilimwambia alipokuwa amelazwa, mwaka aliotuacha. Alasiri, wagonjwa wengine wakiwa wamelala, nilimweleza yote: ramani, nyumba saba, lango. Nilimwambia nilitaka ionekane. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Niliiona," akasema.

Nikadhani anaongelea kitu kingine.

"Asubuhi ile ya Jumamosi. Niliwasha taa nivae, nikaiona iko ukutani, uso nje. Gundi ilikuwa bado mbichi, ningeigeuza mara moja." Alipumzika kupata pumzi. "Nikaona hiyo herufi yako imeangalia nyuma. Nikasema wacha ikae leo tu. Wacha kazi yetu ionekane kwa hii nyumba siku moja. Nikasema nitageuza jioni."

Nilimuuliza mbona hakuniambia, miaka yote hiyo.

"Ningekwambia, mama, ungejua ni mimi nilikunyima shule."

Nilimfunika miguu, nikamwambia yameisha. Aliitikia kwa kichwa, akaonekana amepata nafuu, akalala. Lakini nilimdanganya. Nilikuwa nimekasirika kama sijawahi kukasirika, nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi za hospitali nikilia kwa hasira, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Tulimzika nikiwa bado nimekasirika.